Chembe za chuma kwenye MRI: kwa nini ini hutoka jeusi?

Swali
Habari zenu, wakuu. Ninasomea radiografia, na katika somo la MRI (upigaji picha za ndani ya mwili kwa sumaku kubwa na mawimbi ya redio) tulitajiwa chembe ndogo mno za oksidi ya chuma zinazodungwa mshipani ili kutofautisha uvimbe na ini lenye afya. Gadolini, metali inayotumika katika dawa za kawaida za kuboresha picha za MRI, huifanya sehemu inayotafutwa ing'ae, ilhali chembe hizi hulitia ini giza. Je, giza hilo linamsaidiaje daktari anayesoma picha? Na kama dawa hizi zinafaa, mbona hospitalini hatuzioni?

Jibu la 1
Mkuu, giza hilo ndilo linalotafutwa. Kila chembe ina kiini cha oksidi ya chuma chenye upana wa nanomita chache, kilichovikwa dekstrani au kabohaidreti nyingine ili chembe zisishikamane. Ndani ya mashine, usumaku wake huvuruga uga ulio jirani, protoni za maji zilizo karibu zikaacha upesi kuzunguka kwa pamoja, na mawimbi yanayopokelewa yakafifia, hasa katika picha za T2, yaani zile zinazoonyesha upesi wa kufifia huko. Ini lenye afya lina seli za Kupffer, ambazo huzoa uchafu unaopita na damu, nazo huzimeza chembe hizi. Saratani iliyosambaa kutoka kwenye utumbo mpana haina seli hizo, kwa hiyo hubaki nyeupe katikati ya ini jeusi. Usiiamini mbinu hii kupita kiasi, kwani saratani ya ini yenyewe, ikiwa changa, huweza kuwa bado na seli hizo, nayo ikafifia pamoja na ini.

Jibu la 2
Niongezee kuhusu soko. Feridex, dawa ya chembe hizi kwa ajili ya picha za ini, iliidhinishwa Marekani mwaka 1996, na utengenezaji wake ukasitishwa mwaka 2008. Fizikia yake haikuwa na kasoro. Kwa maoni yangu ilishindwa na gadoxetate, dawa ya gadolini inayoingia kwenye seli za ini na kutoa picha ang'avu ambazo madaktari wameshazizoea. Iliyobaki ikizungumzwa sana ni ferumoxytol, nayo ya chembe za oksidi ya chuma, iliyoidhinishwa huko mwaka 2009 kutibu upungufu wa damu kwa wagonjwa wa figo, si kwa ajili ya picha. Wataalamu wa MRI huitumia nje ya idhini hiyo, hasa kuonyesha mishipa ya damu kwa wagonjwa ambao figo zao zimedhoofika, kwa sababu baadhi ya dawa za zamani za gadolini zilihusishwa na ugonjwa wa kukakamaa kwa ngozi na viungo. Hata hivyo, mwaka 2015 iliwekewa onyo kali kuhusu mzio unaoweza kuua, na tangu hapo hutolewa kwa dripu ya dakika 15 au zaidi, kisha mgonjwa huangaliwa kwa nusu saa.

Jibu la 3
Kwa ninyi mtakaokaa kwenye mashine, kuna jambo la kuuliza kabla ya kipimo: je, mgonjwa amedungwa ferumoxytol kwa ajili ya upungufu wa damu? Chuma hicho huweza kubadilisha picha za MRI kwa muda wa hadi miezi 3, na ini jeusi la mgonjwa huyo likadhaniwa kuwa na ugonjwa wa chuma kuzidi mwilini. Tarehe ya sindano iandikwe kwenye fomu ya kipimo.