Majirani wa Chuno, Mtwara: mzazi akifika mlangoni

Mama Salma, 19:06
Asalaam aleikum, na wasio Waislamu habari za jioni. Majirani, kuna jambo linanikaa moyoni. Watoto ninaowalea mchana hapa nyumbani wamefika tisa. Wiki iliyopita mama mmoja alichelewa kumchukua mwanawe, nikamwambia palepale mlangoni, wenzake wakisikia, kwamba mwisho ni saa kumi na moja na nusu. Sikupaza sauti. Lakini toka siku hiyo anamtuma binti wa jirani, yeye mwenyewe hafiki tena. Nahisi nimemvunjia heshima. Nyie mnaoleta watoto kwangu, niambieni ukweli, huwa nawapokeaje?

Mama Twaha, 19:11
Waaleikum salaam dada. Mimi nasema la kwangu. Nilipopata kazi ya kubangua korosho, Twaha alikuwa na miezi saba. Nilikuja na maziwa yangu niliyoyakamua, nimeyaweka kwenye kikombe cha mfuniko, naona haya hata kukutolea. Uliyapokea kwa mikono miwili. Ukaandika saa niliyokamua juu ya mfuniko, ukaniambia kwa joto letu hili yasikae nje zaidi ya masaa manne, ukamnywesha kwa kikombe. Hukuniambia ninunue ya kopo. Nililia njiani nikienda kazini, na si kwa huzuni.

Mama Salma, 19:13
Sikujua hilo mdogo wangu 🙏

Baba Rehema, 19:20
Samahani nilikuwa na abiria. Mama Salma, unamlea vizuri Rehema, hilo silipingi. Ila anayemleta asubuhi ni mimi, anayemfuata jioni ni mimi, mama yake yuko Masasi kikazi, anarudi Jumamosi. Siku ile alipopata homa ulimpigia mama yake. Naye akanipigia mimi. Nilikuwa kijiweni pale stendi, kwa pikipiki ni dakika tano hadi kwako. Halafu jioni nikifika unanipa begi tu. Unanisemesha siku ya ada. Na mimi nataka kujua mwanangu kachezaje.

Mama Salma, 19:22
Baba Rehema nisamehe sana. Nilidhani wanaume mna haraka.

Baba Rehema, 19:23
Haraka ninayo. Dakika mbili za mtoto sizikosi.

Mwalimu Mstaafu, 19:27
Hili ni la msingi. Mama Salma umesajili kituo, afisa ustawi wa jamii alikuja akakagua, kama Sheria ya Mtoto ya 2009 inavyotaka. Fomu za watoto unazo. Ongeza mstari mmoja kwenye hizo fomu: "Tukipata shida, tumpigie nani kwanza?" Familia yenyewe ijaze. Wengine wataandika baba, wengine bibi, wengine shangazi. Usiwakadirie.

Bibi wa Nuru, 19:34
Naandikiwa na mjukuu wangu mkubwa. Mama Salma hujambo mwanangu.

Mama Salma, 19:34
Sijambo. Shikamoo bibi.

Bibi wa Nuru, 19:38
Marahaba. Mwanangu, lile daftari unaloandika kila siku ni zuri, wazazi wenzangu wanalisifu. Mimi sijui kusoma. Unanikabidhi mtoto, begi na daftari, naaga naondoka. Mama yake tangu korosho zianze kudondoka yuko shambani Newala. Usiku anapiga simu, ananiuliza, mama, Nuru amekula nini leo? Kalala mchana? Sina la kumjibu. Huyu mkubwa wa kunisomea haji kila siku. Nasema tu, mzima. Naye kule anakosa usingizi.

Mama Twaha, 19:40
Jamani 😢

Mama Salma, 19:43
Bibi hapo umenigusa. Daftari naliandika kwa moyo wote, na sikuwahi kukuuliza kama linakufikia. Kuanzia kesho utakaa kwenye mkeka, upoze miguu, nikusimulie kwa mdomo.

Mama Shamimu, 19:49
Na mimi niseme kuhusu ada. Kabla ya kwako, mwanangu alikuwa kituo kingine. Korosho zetu ziko ghalani, mnada umepita, hela haijaingia benki. Majina ya tunaodaiwa yakabandikwa mlangoni. Mtoto wa jirani akalisoma jina la mwanangu kwa sauti. Nilimtoa wiki ileile. Wewe uliniita pembeni, ukaniuliza, chama cha msingi cha wakulima wamesema hela lini? Nikakwambia, ukangoja. Mpaka leo sijachelewesha tena bila kukuambia mapema.

Mwalimu Mstaafu, 19:53
Basi na la kuchelewa lingekuwa hivyohivyo, pembeni. Unamuuliza kwanza, kuna nini kazini? Msimu huu maghala yanafunga usiku. Huenda anahitaji mtu wa kukaa na mtoto saa moja zaidi, mkakubaliana na bei yake. Wewe nawe una watoto wako, hupaswi kuumia kimya.

Mama Salma, 19:58
Kweli mwalimu. Naogopa kumpigia.

Mwalimu Mstaafu, 19:59
Usipige. Nenda.

Mama Salma, 20:01
Kesho baada ya Magharibi nitakwenda kwake. Nitamwomba radhi mbele ya huyo binti anayemtuma, maana na yeye alikuwepo mlangoni siku ile.

Mama Twaha, 20:02
Nikusindikize?

Mama Salma, 20:03
Hapana mdogo wangu, niende peke yangu asije akaona tumemzunguka.

Bibi wa Nuru, 20:06
Sasa kabla hujalala. Leo Nuru kala?

Mama Salma, 20:10
Kala bibi. Asubuhi uji kikombe kizima. Mchana ugali wa muhogo na mchicha wa nazi, samaki kamwachia mwenzake. Kalala saa saba mpaka saa nane na nusu. Alipoamka akamtafuta mama yake, nikambeba tukaenda kuangalia kuku wa jirani, akanyamaza. Na leo kwa mara ya kwanza kavaa kandambili zake mwenyewe, mguu wa kulia kushoto, lakini kavaa.

Bibi wa Nuru, 20:12
Haya. Ngoja nimpigie mama yake Newala.