Naombeni ushauri: mwongozo wetu wa zana za kupima na kufuatilia programu hauaminiki tena

Mhandisi_Ilala

Habari za jioni wakuu.

Naombeni ushauri kwa wanaotunza nyaraka za zana za kupima mwenendo wa programu. Niko kwenye timu ndogo hapa Dar inayoendesha mfumo wa malipo. Huduma zetu nyingi ni za Go, chache za Java, zote juu ya Linux na karibu zote ndani ya kontena. Nimekabidhiwa mwongozo wa ndani: jinsi ya kutumia perf na ftrace (za kupima programu na kerneli, yaani kiini cha Linux), strace (inayoonyesha programu inaiomba nini kerneli), pprof ya Go na JFR ya Java seva inapozidiwa, na jinsi ya kufuata ombi moja la mteja kutoka huduma hadi huduma kwa OpenTelemetry (inayokusanya taarifa za ombi) na Jaeger (inayozihifadhi na kuzionyesha).

Mwongozo upo, tena mrefu. Shida ni kwamba watu wameacha kuuamini. Sehemu ya ftrace inamtuma msomaji kwenye `/sys/kernel/debug/tracing`. Tangu kerneli 4.1 ya mwaka 2015 ftrace ina mfumo wake wa faili, tracefs, na mahali pake ni `/sys/kernel/tracing`. Njia ya zamani iliachwa kwa ajili ya skripti za zamani, lakini kwenye seva zetu mpya debugfs, mfumo wa faili unaobeba njia hiyo ya zamani, haijapachikwa, kwa hiyo aliye zamu anaambiwa faili halipo. Sehemu ya JFR inaagiza kuweka `-XX:+UnlockCommercialFeatures`. Hilo lilikuwa la JDK 8 ya Oracle, yaani toleo la 8 la Java. JFR ilifunguliwa kwa wote kwenye JDK 11, mwaka 2018, na OpenJDK ukiipa chaguo hilo inakataa hata kuwaka. Fikirieni mtu anawasha upya huduma ya malipo saa nane usiku akifuata maandishi yetu, halafu huduma haiwaki. Upande wa Jaeger bado tunataja mlango 6831 wa ajenti (programu ndogo iliyopokea taarifa na kuzipeleka Jaeger), wakati Jaeger toleo la 2 halina tena ajenti huyo.

Maswali yangu: niandike upya au nikarabati? Ninakili maelezo ya chaguo za amri, au niweke viungo tu vya nyaraka rasmi? Na nyie mnafanyaje ili maandishi yasichakae tena baada ya miezi michache? Kazi hii naipenda na nataka idumu. Mtu akidanganywa na mwongozo mara mbili anaacha zana kabisa na kubaki kubahatisha.

kisima_cha_logi

Mkuu, kabla ya yote, wanaousoma ni akina nani? Aliye zamu usiku na mhandisi anayetaka kujifunza mchana hawahitaji ukurasa mmoja.

Mhandisi_Ilala

Wote wawili, na hapo ndipo penye shida. Ukurasa wa perf unaanza na historia yake na nadharia ya sampuli (kuichungulia programu mara nyingi kwa sekunde), amri ya kwanza iko chini kabisa.

Bi_Sampuli

Ndugu yangu, usiandike upya. Utaandika yale yale kwa lugha nzuri zaidi, na yatachakaa kwa sababu ile ile. Amri za zana hizi hutegemea mambo yaliyo nje ya zana: toleo la kerneli, ruhusa, jinsi programu ilivyokompailiwa. Mwongozo wenu haukuyaandika popote, ndiyo maana yalipobadilika hakuna aliyejua ni kurasa zipi zimeguswa.

Chukua `perf record -F 99 -g`. Kwa kawaida `-g` hupanda staki, yaani mlolongo wa vitendakazi vilivyoitana, kwa kufuata rejista ya frame pointer, inayoelekeza kwa aliyeita. Kwa miaka mingi kompaila ziliichukua rejista hiyo kwa kazi nyingine, staki zikawa zinakatika njiani, na miongozo ikashauri `--call-graph dwarf`. Njia hiyo hunakili baiti 8192 za staki kwa kila sampuli usipoibadilisha, na faili linavimba vibaya. Halafu Fedora 38 ya mwaka 2023, na baadaye Ubuntu 24.04, zikarudisha frame pointer kwenye vifurushi vyake. Go nayo inaitunza kwenye amd64 (prosesa za biti 64 za Intel na AMD) tangu toleo 1.7. Maana yake ushauri wa dwarf uliokuwa sahihi kabisa kwenye Ubuntu 22.04 unaweza kuwa mzigo wa bure kwenye seva ya pembeni yake. Ukurasa usiosema "hii ni kwa mfumo gani" hauwezi hata kukosolewa, kwa kuwa hakuna cha kuulinganisha nacho.

Kwa hiyo juu ya kila mfano weka: mfumo na toleo la kerneli, toleo la zana, ruhusa aliyokuwa nayo aliyeuendesha, na tarehe ulipoendeshwa mara ya mwisho. Mfano usio na hayo, uufute hata kama unaupenda.

Jambo la pili ninalolishikilia sana: andika sababu ya kila namba. Hapo juu kuna 99, idadi ya sampuli kwa sekunde. Nimeona watu wanaigeuza kuwa 100 kwa sababu inapendeza. Waliichagua 99 ili sampuli zisitembee sambamba na kazi zinazojirudia mara 100 kwa sekunde. Zikitembea sambamba, unaona kitu kimoja kila mara na kukosa kingine kila mara. Ukiiacha `-F` kabisa, perf hulenga sampuli 4000 kwa sekunde, na kwenye seva iliyokwisha kuzidiwa hilo unalisikia. Sentensi mbili kama hizi zinamsaidia msomaji kuliko kurasa tano za orodha ya chaguo.

Na weka tokeo halisi, pamoja na maelezo ya namna ya kulisoma. Waliotengeneza bcc, mkusanyo wa zana za kufuatilia Linux, walifanya hivi vizuri: kila zana yao, kwa mfano opensnoop, ina ukurasa wa man (maelezo rasmi ya amri) na pia faili la mifano linaloonyesha amri, kilichotoka, na kila safu ina maana gani. Mchango wa zana mpya bila hivyo viwili haujakamilika. Ningekuwa wewe ningeiga utaratibu huo kama ulivyo.

Msafiri_wa_Go

Mimi napingana kidogo. Timu ndogo haina muda wa yote haya. Wekeni viungo vya nyaraka rasmi basi. Ya perf imo ndani ya msimbo wa kerneli, kwenye `tools/perf/Documentation`, ya ftrace kwenye `Documentation/trace`. Zinatunzwa na wanaoandika zana yenyewe, mtawashinda wapi?

Bi_Sampuli

Kwa maelezo ya chaguo nakubaliana nawe, kaka. Hayo asinakili hata moja, `man perf-record` kwenye seva yenyewe ndiyo inayolingana na toleo lililopo. Ila nyaraka rasmi hazizijui seva zake. Mfano: `kernel.perf_event_paranoid`, mpangilio unaoamua nani anaruhusiwa kutumia perf. Kerneli ya kawaida huanza na 2, yaani mtumiaji asiye na ruhusa anaweza kupima programu zake lakini haoni ndani ya kerneli. Debian na Ubuntu zimeongeza ngazi ya juu zaidi inayomfungia kabisa. Juu ya hapo, Docker kwa mpangilio wake wa kawaida huzuia `perf_event_open`, mwito ambao perf huutumia kupima, ndani ya kontena. Tangu kerneli 5.8 ya mwaka 2020 kuna CAP_PERFMON, ruhusa ya kupima peke yake, kwa hiyo hakuna haja ya kumpa mtu CAP_SYS_ADMIN nzima, ruhusa pana ya usimamizi, ili apime tu. Sasa aliye zamu anapokataliwa, ni lango lipi kati ya haya limemkataa, na kwenu nani ana mamlaka ya kulifungua? Hilo haliko kwenye tovuti yoyote duniani. Analijua Mhandisi_Ilala na wenzake, na ndilo la kuandika.

Msafiri_wa_Go

Hapo sawa, nimekuelewa dada.

kisima_cha_logi

Kuhusu kuchakaa: mpe mashine kazi ya kukagua. Sisi mwongozo unakaa kwenye repo moja na msimbo, na amri zote ziko ndani ya vipande vilivyowekwa alama. Skripti huzitoa na kuziendesha kila wiki kwenye mashine yenye mfumo ule ule wa seva zetu. Amri ikigoma, ukurasa unawekwa alama nyekundu na aliyetajwa juu yake anapata ujumbe. Mifano ya Go ni rahisi zaidi, `go test` huendesha vitendakazi vya Example na kulinganisha kilichochapishwa na kilichoandikwa chini ya `// Output:`.

Tahadhari moja. Mashine pepe nyingi hazitoi vihesabio vya prosesa, `perf stat` itakuandikia `<not supported>` kwenye cycles (mizunguko ya prosesa). Kwa ukaguzi tumieni `-e cpu-clock`, inafanya kazi bila hivyo vihesabio. Na msilinganishe namba, kwa kuwa zitatofautiana kila siku. Kagueni kwamba amri imekubaliwa, faili limeandikwa, na jina la kitendakazi mnachokitegemea limeonekana ndani yake.

Mhandisi_Ilala

Hili la kukagua jina la kitendakazi ni zuri sana. Nitaandika programu ndogo ya Go inayochoma prosesa makusudi kwenye kitendakazi kimoja, ukaguzi ukitafute hicho hicho.

Na upande wa OpenTelemetry? Huko si amri, ni majina yanayobadilika chini ya miguu yetu.

Spani_Ndefu

Hapo niingie mimi, ndiyo kazi yangu ya kila siku.

OpenTelemetry ilizaliwa 2019 kwa kuunganisha OpenTracing na OpenCensus, kwa hiyo mabadiliko ni ya tangu mwanzo. Lililoumiza wengi ni majina ya sifa za HTTP yalipotulizwa Novemba 2023: `http.method` ikawa `http.request.method`, `http.status_code` ikawa `http.response.status_code`. Mwongozo unaosema "tafuta http.status_code=500" haukupi kosa lolote, unakupa orodha tupu, na aliye zamu anaondoka akiamini hakuna ombi lililofeli. Mimi naona hili ni baya kuliko amri inayogoma.

Fanya hivi. Majina yote mnayoyategemea yaweke kwenye jedwali moja tu, na kurasa nyingine zote zilirejelee. Kipindi cha kuhama, maktaba nyingi hukubali `OTEL_SEMCONV_STABILITY_OPT_IN=http/dup`, zinatuma ya zamani na mapya kwa pamoja; andika siku mliyoiwasha na siku mtakayoizima, la sivyo itabaki milele na kuongeza ukubwa wa kila spani (rekodi ya hatua moja ya ombi). Kwa Jaeger, futa 6831 kote. Inapokea OTLP, itifaki ya OpenTelemetry, moja kwa moja tangu toleo 1.35, milango 4317 kwa gRPC na 4318 kwa HTTP. Toleo la 2 la Novemba 2024 limejengwa juu ya kolekta ya OpenTelemetry yenyewe, mipangilio yake ni tofauti kabisa, hivyo ukurasa wa mipangilio ya toleo la 1 usiukarabati. Andika mwingine.

Kila utafutaji mnaoushauri, ongeza mstari mmoja: "ukiona tupu, hakikisha kwanza kwa kutafuta ombi ambalo una hakika lipo." Mstari huo umeniokolea saa nyingi.

mwana_wa_Likoni

Naongeza jambo ambalo halijaguswa. Mmesema wekeni tokeo halisi. Huu ni mfumo wa malipo! strace huchapisha yaliyomo kwenye read na write, na ijapokuwa kwa kawaida hukata baada ya herufi 32, hizo zinatosha kabisa kubeba namba ya simu. Watu nao huongeza `-s 200` ili waone zaidi. Spani nazo hubeba anwani nzima za maombi. Tokeo la namna hiyo likibandikwa kwenye mwongozo linasomwa na kila anayeajiriwa na linakaa kwenye historia ya repo hata mkilifuta. Huku Kenya tuna sheria ya ulinzi wa data ya 2019, na nyinyi Tanzania mna ya taarifa binafsi ya 2022. Mifano yote itolewe kwenye mazingira ya majaribio yenye wateja wa kubuni, kamwe isitoke kwenye seva inayohudumia watu. Na milango ya `/debug/pprof` mkiitaja, andikeni wazi kwamba haifunguliwi kuelekea intaneti.

Mhandisi_Ilala

Ahsanteni sana wakuu, kweli mmenifungua macho. Nimeanza na ukurasa wa perf wa aliye zamu, rasimu ni hii:

*Prosesa imejaa, huduma ya Go. Imeendeshwa kwenye Ubuntu 24.04, perf ya kifurushi cha linux-tools. Ruhusa: kundi la zamu, kwenye seva mwenyeji, nje ya kontena. Msimamizi wa ukurasa: timu ya miundombinu.*

*1. `perf record -F 99 -g -p NAMBA_YA_MCHAKATO -- sleep 30`. Subiri sekunde 30, huduma inaendelea kufanya kazi.*

*2. `perf report --stdio`. Soma kutoka juu. Kitendakazi cha kwanza kikiwa `runtime.gcBgMarkWorker` (cha kusafisha kumbukumbu) au vya jamaa yake, kumbukumbu ndiyo inayozalishwa kupita kiasi, nenda ukurasa wa pprof wa kumbukumbu.*

*3. Ukikataliwa ruhusa, usibadilishe paranoid mwenyewe. Mpigie aliye zamu wa miundombinu.*

Inatosha?

Bi_Sampuli

Imekaa vizuri. Marekebisho matatu. "perf ya kifurushi cha linux-tools" haitoshi, kwa sababu kwenye Ubuntu kifurushi hicho hufungwa na kerneli. Andika matokeo ya `uname -r` na `perf --version`, na umwambie msomaji kwamba seva ikiwa imesasishwa kerneli bila `linux-tools` yake, perf itakataa kwa kulalamikia kifurushi kinachokosekana. Hatua ya 2: ukitumia `-g`, vitendakazi hupangwa kwa jumla yao pamoja na watoto wao (vitendakazi vinavyoviita), hivyo cha juu kabisa mara nyingi ni cha kuanzisha tu, mwambie aongeze `--no-children` ili aone panapoliwa muda wenyewe. Na tarehe ya kuendeshwa umeisahau.