Naomba ushauri: nyimbo kumi za mwaka wangu na kaseti za marehemu baba

Mwanzisha uzi, Moshi

Wapenzi wa muziki, salaam. Kila tarehe 27 Desemba, wenzangu niliosoma nao, ambao wengi hurudi Moshi kwa ajili ya Krismasi, hukusanyika nyumbani kwa mmoja wetu, na kila mtu huja na nyimbo kumi zilizomgusa zaidi katika mwaka unaoisha. Safari hii zamu ni yangu, hapa Rau, na nimekwama katika kuchagua.

Mwezi wa tano, tulipokuwa tukipanga vitu vya marehemu baba, nilikuta sanduku la bati lenye kaseti 31, nyingi zikiwa na nyimbo alizozirekodi mwenyewe kwa kuiweka redio kaseti mbele ya redio nyingine, enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam. Humo nimewasikia wanamuziki wa dansi Mbaraka Mwinshehe na Marijani Rajab kwa namna ambayo sikuwahi kuwasikia, na tangu hapo sehemu kubwa ya mwaka wangu imepita nao. Kaseti ninayoipenda kuliko zote ameiandika kwa kalamu ya bluu, USIFUTE, na katikati ya wimbo wa pili wa upande B jogoo anawika mara mbili.

Je, wimbo wa Mbaraka, aliyefariki mwaka 1979, unaweza kuhesabiwa kuwa wimbo wa mwaka huu, au nitakuwa nimewavunjia wenzangu utaratibu? Kama unaruhusiwa, niwapigie nakala safi ya mtandaoni au kaseti yenyewe pamoja na jogoo wake? Tena, mwaka jana wimbo wa nne ulikuwa haujaisha watu wakaanza kuzungumzia nauli za kurudi Dar es Salaam, jambo lililoniuma sana, kwa hiyo nakaribisha pia ushauri wa namna ya kuwafanya watu wasikilize.

Mkazi wa Ngarenaro, Arusha

Pole kwa kuondokewa na mzee, ndugu yangu. Sisi huku tulibishana juu ya swali lako miaka miwili, mwishowe tukakubaliana kwamba mwaka unaohesabiwa ni wa msikilizaji, mradi ataje wimbo ulitoka lini. Kijana anayeipata leo albamu ya X Plastaz ya mwaka 2004, kundi la hapa hapa Arusha lililounganisha rap na uimbaji wa Kimaasai, hajachelewa kitu. Kwake hiyo ni habari mpya.

Kuhusu kusikiliza, usimwache mtu mmoja apige nyimbo zake kumi mfululizo. Zungukeni, kila mtu wimbo mmoja kwa zamu, na kabla ya kuupiga aseme jambo moja tu: aliusikia wapi mara ya kwanza. Halafu nakusihi, nyimbo za dansi usizikate. Zinaanza taratibu kwa mashairi, magitaa yakijibizana kwa upole, kisha linakuja chemko, ambapo waimbaji wanapungua na gitaa la solo linashika usukani. Ukizima dakika ya tatu kwa kuona watu wamepoa, utakuwa umewanyima kile walichokuwa wakiandaliwa tangu mwanzo.

Dada wa Majengo, Moshi

Kaka, samahani, mimi nina wasiwasi kidogo. Wazee wetu wanastahili heshima yote, lakini msanii anayetoa wimbo mwaka huu anahitaji masikio mwaka huu, na tukijaza orodha zetu kwa nyimbo za zamani, nani atamwambia mwenzake kuhusu sauti mpya? Weka angalau sita za sasa. Na singeli usiidharau. Mapigo yake hupita 200 kwa dakika, kwa hiyo iweke mwisho, watu wakiwa wameshakula na wako tayari kusimama, la sivyo itaufunika wimbo wowote utakaofuata.

Fundi redio, Moshi mjini

Mimi ninahofia kaseti zenyewe. Utepe uliolala miaka mingi hushikana, hivyo uzungushe wote mbele na kuurudisha nyuma mara moja kabla ya kuupiga, na usafishe hedi, yaani kile kichuma kinachosoma utepe, kwa pamba yenye spiriti kidogo, uiache ikauke. Kaseti za dakika 90 zina utepe mwembamba kuliko za 60, hizo ziguse kwa uangalifu zaidi. Kisha tazama ukingo wa juu wa kaseti: kama vile vijino viwili vya plastiki bado vipo, vivunje leo, kwa sababu vikishaondolewa mashine haiwezi kurekodi juu yake. Mzee aliandika USIFUTE, lakini maandishi hayamzuii mtoto kubonyeza kitufe chekundu. Mwisho, unganisha waya kutoka tundu la spika za masikioni hadi kwenye kompyuta, urekodi kwa programu ya Audacity, ambayo ni ya bure, na siku ya kikao upige nakala hiyo. Jogoo atakuwemo.

Mwanzisha uzi, Moshi

Nawashukuru nyote kwa dhati. Vijino nimevivunja jana usiku, na upande B nimeshaurekodi. Dada, nimekubali sita za mwaka huu, na singeli itafunga. Nne zitatoka katika sanduku la baba, nikianza na ule wa jogoo, na nitauacha uende hadi chemko liishe lenyewe.