Naombeni ushauri: nataka kumfundisha mwanangu wa darasa la kwanza nyumbani (nipo Dodoma)

Mama Nkuhungu
Habari zenu wakuu. Nina mtoto wa kiume, miaka saba, darasa la kwanza shule binafsi hapa mjini. Nafikiria nimtoe, nimfundishe mwenyewe mpaka la tatu ndipo nimrudishe. Mimi nashona, cherehani iko sebuleni, kwa hiyo kutwa nipo. Kidato cha nne nilimaliza. Nianzie wapi, na kwa siku saa ngapi zinatosha? Naombeni msinitukane, nina mawazo ya kutosha.

Mzee wa Zabibu
Wazazi wa siku hizi! Sisi tulitoka Mvumi kwa miguu, ufagio mkono huu, dumu la maji mkono huu, na tumesoma. Mtoto asipochanganyika na wenzake ataogopa hata konda wa daladala.

Binti Mrangi
Mzee, hajauliza habari za dumu. Dada, mdogo wangu kule Kondoa alikuwa anakimbia shule, anachapwa, anakimbia tena. Kumbe haoni ubaoni! Nilimpeleka hospitali mwenyewe, tukakaa foleni hadi saa tisa na njaa zetu, akapewa miwani. Leo yuko chuo. Kampime macho kwanza.

Ticha Mstaafu
Mwanangu, nimefundisha la kwanza na la pili miaka mingi. Umri huo kazi ni KKK: kusoma, kuandika, kuhesabu. Saa mbili zinatosha, ukizikata vipande vya dakika ishirini. Anza na sauti za herufi, siyo majina yake. Irabu kwanza, halafu lete m: ma, me, mi, mo, mu, aone "mama" inavyotokea. Hesabu tumia karanga, akipata jibu azile. Vitabu vya Taasisi ya Elimu vipo bure kwenye maktaba yao ya mtandaoni. Ila Sheria ya Elimu ya 1978 inataka mtoto aliyetimiza miaka saba awe ameandikishwa shule, na darasa la nne kuna upimaji wa kitaifa, anasajiliwa kupitia shule. Sasa niambie, kwa nini unamtoa? Na leo hii yuko wapi?

Mama Nkuhungu
Asante mwalimu. Yupo hapa nyumbani. Hajaenda tangu Pasaka. Anaandika kwa mkono wa kushoto, na mwalimu wake alikuwa anampiga rula vidoleni. Akaanza kukojoa kitandani, kitu alichoacha akiwa na miaka mitatu. Nilipoenda kulalamika nikaambiwa namdekeza.

Binti Mrangi
Pole sana dada. Baba yake anasemaje?

Kijana wa Bahi
Messi anacheza kwa mguu wa kushoto na hakuna aliyempiga rula. Ila swali la baba naona umeliruka.

Mama Nkuhungu
Baba yake yuko mgodini Geita. Hajui. Ada alituma, shuleni sijaipeleka. Kabla hamjanirukia: hela sijala. Nilitoa elfu sitini nikanunua ubao, madaftari na vitabu, iliyobaki iko kwenye simu. Yeye mwenyewe alichapwa utotoni kwa mkono huohuo mpaka akahamia kulia, na anaamini ndivyo mtoto anavyonyooshwa. Ningemwambia, kesho yake mtoto angerudi kwenye rula.

Chuma cha Reli
Hii chai. Tangu Pasaka mtoto haonekani, ada haijalipwa, shule isimpigie baba simu? Shule binafsi ninazozijua mimi, siku ya tatu umeshatafutwa. Subirini, kesho anakuja na "nina kituo cha tuisheni Nkuhungu".

Kijana wa Bahi
Nilikuwa nimeanza kuamini. Leteni maandazi.

Mama Nkuhungu
Namba waliyonayo shuleni ni yangu tu. Niliwaambia anaumwa, yuko kwa bibi yake Mpwapwa. Kituo sina. Nina mtoto mmoja, jana kaandika "mama kuku maji" mstari mmoja kwa mkono wake, halafu akanitazama usoni aone kama nitampiga. Hiyo usiiite chai.

Ticha Mstaafu
Chuma, mimi namwamini. Nilipoanza kazi nilikuwa nawafunga watoto mkono wa kushoto kwa kitambaa, nikidhani nawasaidia. Mmoja aliacha kabisa kuongea darasani. Jina lake ninalo mpaka leo.
Mama, lalisha daftari, upande wa juu uelekee kulia, na penseli aishike juu kidogo ya ncha ili aone anachoandika. Lakini aliyekukosea ni mwalimu mmoja. Shule za msingi za serikali hazina ada. Nenda kwa mwalimu mkuu wa iliyo jirani, muongee habari za mkono huo kabla ya kumwandikisha. Na baba yake ayasikie kwako, siyo kwa jirani.

Mama Nkuhungu
Kule watoto wamejaa, mwalimu, nani atamwangalia wangu? Hapa nyumbani anajifunza, namwona. Mpaka Desemba simpeleki popote.

Binti Mrangi
Sasa kama umeshaamua, ushauri ulikuja kuomba wa nini?

Mama Nkuhungu
Wakuu, kapiga simu sasa hivi. Anaingia Jumamosi. Akaomba aongee na mtoto, mtoto kamwambia, "Baba, najua kuandika." Akanyamaza kidogo, halafu akamuuliza ni kwa mkono gani. Mwalimu, bado uko macho?