Kuanza jiokeshi: GPS kuukuu ya mkononi, mpya, au simu inatosha?

Mgeni_Msituni

Wakuu, habari za humu. Nimesoma kimyakimya kwa wiki kadhaa, leo nimeona nijitokeze. Nataka kuanza jiokeshi, ule mchezo wa kusaka makasha yaliyofichwa kwa kufuata kodineti (namba za mahali). Akaunti ya Geocaching.com nimeshafungua, na kasha la kwanza nimeshalichagua: ugumu wa kulipata 1.5, ardhi ya kulifikia 1.5 (mwisho ni 5), saizi ya maikro, yaani dogo sana. Naweza kulifikia kwa miguu.

Nilipokwama ni kwenye chombo. Mjomba kanipa Garmin eTrex yake ya zamani, ile ya njano, skrini haina rangi, betri mbili za AA. Jana nimeiwasha, imekaa karibu robo saa kabla ya kujua iko wapi, na tarehe inayonionyesha ni ya miaka karibu ishirini nyuma. Sijui kama ni mbovu au imezeeka tu.

Kwa hiyo nina njia tatu. Nitumie hiyo ya mjomba. Ninunue mpya, eTrex 22x au 32x (tofauti yao sijaielewa). Au niachane na vifaa nitumie simu. Nyie mngefanyaje?

Kibano

Karibu sana. Simu. Mjadala umefungwa 😄

Nieleze kidogo. Kama ni Android, weka c:geo, programu ya jiokeshi, ni ya bure. Ukiwa bado na intaneti pakua ramani na taarifa za kasha, kisha ondoka. Wengi wanadhani GPS ya simu inahitaji mtandao. Haihitaji, inapokea satelaiti moja kwa moja. Mtandao unaisaidia tu kuanza haraka na kuleta ramani. Maelezo ya kasha, kidokezo, logi (taarifa walizoandika waliotangulia), picha, vyote viko kiganjani. Ukisoma kwamba watatu wa mwisho wote wamelikosa, unaahirisha hata viatu hujavaa.

Nimepita makasha 300 na sijawahi kushika GPS ya mkononi.

Mzee_Kodineti

Kibano mwanangu, hayo 300 umeyapata na pawabenki mfukoni, sema ukweli.

Mgeni, karibu. Kwanza hicho kifaa si kibovu. Satelaiti za GPS huhesabu wiki, na hesabu ya zamani inafika 1,024 halafu inarudi sifuri. Mara ya mwisho ilirudi Aprili 2019. Vifaa vingi vya zamani havikuandaliwa kwa hilo, vikajiona vimerudi nyuma miaka kumi na tisa na ushee. Tarehe inakosewa, mahali panabaki sahihi. Usihangaike nayo.

Robo saa nayo ni kawaida. Kifaa kilicholala miaka hakijui satelaiti gani iko upande gani wa mbingu. Ratiba yake yote, almanaki, inashuka polepole kutoka juu, dakika 12 na nusu kwa ukamilifu. Kiweke mahali pa wazi, kinywe chai yake. Ukikiwasha tena kesho hakitachukua muda huo.

Na kuna jambo linanifurahisha hapa. Mpaka mwanzoni mwa Mei 2000 Marekani ilikuwa inaichafua kwa makusudi ishara ya GPS kwa raia, unaweza kukosea kama mita 100. Rais Clinton akaamuru uchafuzi uzimwe, usiku mmoja tu vifaa vya raia vikawa vinakosea mita kumi, ishirini hivi. Siku chache hazijapita, tarehe 3 Mei, Dave Ulmer akafukia ndoo nyeusi huko Beavercreek, Oregon, ndani kaweka vitu kadhaa pamoja na kopo la maharage, akatangaza kodineti kwenye intaneti watu wakaitafute. Mchezo ukaanzia hapo. Hiyo eTrex ya njano ilitoka mwaka huohuo. Yaani umepewa kifaa ambacho ni rika moja na mchezo wenyewe, halafu unauliza kama kinafaa?

(Kufukia sasa ni marufuku, msije mkanichukua mimi kama ruhusa.)

Kishike bapa, kama unabeba sahani ya mchuzi. Antena yake inatazama juu ukikilaza. Ukikisimamisha wima, au ukikiweka mfuko wa suruali, unakifumba macho.

Kalamu usisahau.

Fundi_Antena

Shikamoo Mzee. Naongezea upande wa 22x na 32x maana hapo ndipo watu huliwa hela.

Mapokezi ya satelaiti ni yaleyale. Skrini ya rangi ni ileile. Kilichozidi kwenye 32x ni dira ya kielektroniki na kipima mwinuko cha hewa. Kipima mwinuko katika jiokeshi hutakihitaji. Dira ndiyo mjadala.

Kifaa kisicho na dira, yaani ya njano na hiyo 22x, kinajua upande kwa sababu unatembea: kinalinganisha ulipokuwa sekunde iliyopita na ulipo sasa. Ukisimama, kimepofuka. Sasa fikiria umebakiwa na mita 8. Unafanya nini kama mwanadamu wa kawaida? Unasimama, unaangalia mshale. Mshale unageuka kushoto. Unageuka nao. Unaruka nyuma yako. Unazunguka. Dakika mbili baadaye unacheza ngoma katikati ya njia na wapita njia wanakutazama. Kila anayeanza anadhani kifaa kimeharibika. Hakijaharibika, umekinyima mwendo.

Dawa: ukifika mita 15 hivi acha kukimbizana nao. Rudi nyuma hatua ishirini, njoo tena kwa mwendo wa kawaida bila kusita, tazama mshale unaelekea wapi, weka alama akilini: "mstari unapita kwenye lile jiwe." Kisha zunguka uje kutoka upande mwingine. Mistari miwili inapokatana, hapo ndipo pa kuanza kupekua. Na 22x unaweza kufanya hivi maisha yako yote, mimi nilifanya hivyo miaka minne.

Ya 32x inaonyesha upande hata ukiwa umesimama kama mnazi. Ila dira nayo ina masharti: isawazishe kila ukibadilisha betri, na ukiwa kando ya uzio wa chuma usiiamini. Simu pia, Kibano, hasa zenye kava la sumaku.

Kwa wenye mifuko mirefu zipo Garmin GPSMAP 65s na 67, zinapokea masafa ya mawimbi zaidi ya moja ya kila satelaiti na zinatulia zaidi chini ya miti mizito na kando ya majabali. Kwa mtu ambaye hajapata kasha hata moja ni kununua jahazi kwa ajili ya kuvuka mfereji.

Kibano

> simu pia, Kibano, hasa zenye kava la sumaku

Hili nimelipata kwa shida zangu mwenyewe, nakubali. Nilitoa kava, mshale ukahama karibu nyuzi 40.

Lakini simu nazo zinapokea masafa mawili siku hizi. Ya kwanza ilikuwa Xiaomi Mi 8 mwaka 2018, sasa ziko nyingi. Hoja ya "simu haina usahihi" imepitwa na wakati.

Fundi_Antena

Usahihi sikuutaja, na makusudi. Mahali pa wazi simu nzuri na GPS ya mkononi utazitofautisha kwa shida. Na hata ukiwa na chombo kisichokosea kabisa, aliyelificha naye alikuwa na kosa lake. Yeye kakosea mita tano kaskazini, wewe unakosea mita tano kusini, tayari mko mbali mita kumi na kila mmoja chombo chake ni kizima.

GPS ya mkononi inashinda kwingine. Mvua: eTrex inastahimili kuzama mita moja kwa nusu saa. Jua kali: skrini yake inasomeka vizuri zaidi jua likiiwakia, wakati ya simu unaikinga kwa kiganja. Kuanguka kwenye mawe: usiniulize kuhusu simu. Na betri: 22x inakwenda saa 25 kwa AA mbili, zikiisha unatoa nyingine mfukoni dakika hiyohiyo. Kuna eTrex SE, iliyotoka 2023, Garmin wanaiandikia saa 168 kwa AA mbili, ina dira, inaongea na simu kwa bluutuuthi. Skrini haina rangi wala ramani ya maana, lakini kwa makasha ni mnyama. Mgeni ukija kununua, iangalie hiyo kabla ya 22x.

Mama_Ramani

Mnampeleka mbali, mwenzenu bado yuko mlangoni.

Mdogo wangu, ukitumia ya njano utaingiza kodineti kwa mkono, maana kebo yake ni ya zamani na kompyuta nyingi za leo hazina tundu lake. Makosa ya wanaoanza huzaliwa hapo, kwa hiyo nisikilize.

Makasha huandikwa kwa digrii na dakika zenye desimali. Mfano kodineti ya lile kasha la Ulmer: N 45° 17.460. Hiyo ni digrii 45, dakika 17 na visehemu 460 vya dakika. Si sekunde 46. Kifaa kikiwa kimewekwa kwenye mtindo wa digrii-dakika-sekunde, wewe ukaandika 45° 17' 46.0", umejipeleka zaidi ya nusu kilomita kaskazini na kifaa hakitalalamika. Kitakuongoza kwa adabu zote mpaka kwenye kichaka kisicho na kitu.

Mimi kasha langu la pili nililitafuta saa mbili nzima ndani ya mtaro mkavu. Kidokezo kilisema "kwenye benchi". Hakukuwa na benchi. Nikajishawishi kwamba benchi liliondolewa! Nimerudi nyumbani nikaandika logi ya kulikosa, na kwa ujuaji wangu nikamshauri mwenye kasha aje kulikagua. Alinijibu kwa upole sana. Ule upole bado unaniuma.

Kwa hiyo ingia kwenye mipangilio: mtindo uwe digrii na dakika zenye desimali, datamu (mfumo wa ramani ambao namba zinapimwa nao) iwe WGS 84. Mjomba huenda aliibadilisha ili ilingane na ramani yake ya karatasi. Kisha soma namba kwa sauti mara mbili. Kosa la 0.001 ya dakika ni chini ya mita mbili, si kitu. Kosa la tarakimu ya kwanza baada ya nukta ni kama mita 185.

Kitu kingine: jina la mahali unapohifadhi kwenye ile ya njano lina herufi sita tu, na namba za utambulisho za makasha ya siku hizi, zinazoanza na "GC", zinafika saba. Acha "GC" ya mwanzo, andika zinazobaki.

Mgeni_Msituni

Mama_Ramani asante sana. Nimeangalia sasa hivi: ilikuwa kwenye sekunde kweli! Datamu nayo haikuwa WGS 84.

Swali moja, hizi mpya nazo lazima niandike namba kwa mkono?

Mama_Ramani

Hapana. Mpya zinapokea faili la GPX (faili lenye kodineti za makasha) kwa kebo ya USB, linaingia na maelezo, kidokezo na logi kadhaa. Ukiwa mwanachama wa kulipia unaweza kuvuta Pocket Query, yaani orodha ya makasha kwa mkupuo, hadi 1,000 kwa faili moja. Ukiwa na makasha manne karibu nawe, hiyo ya kulipia isikunyime usingizi kwa sasa.

Mzee_Kodineti

Ushauri wangu: nenda na vyote viwili. Simu ikusomee maelezo, ya njano ikuongoze. Iache simu mfukoni mpaka ufike. Utajifunza kutazama ardhi badala ya kutazama kioo, maana mita kumi za mwisho ni kazi ya macho. Jiulize, ningekuwa mimi ningelificha wapi? Tafuta kilichopangwa mno: mawe yamelala kwa mstari, gome la mti limeegemezwa, bolti moja haina kutu wakati wenzake wote wanazo.

Na betri za kuchaji zikikaa miezi kwenye droo huisha zenyewe. Zichaji usiku wa kuamkia safari.

Kibano

Nakubaliana na Mzee, mwandike tarehe. Ila maikro inahitaji kibano, kile kikaratasi cha saini hukwama ndani. Jina langu hamkujua linatoka wapi?

Mgeni_Msituni

Nimerudi wakuu. Nina matope mpaka magotini ila nina habari.

Nilifanya kama Mzee alivyosema. Ya njano ilishika satelaiti kwa kama dakika moja leo, nikaibeba kama sahani. Nimefuata mshale vizuri mpaka mita 12, halafu ngoma ya Fundi_Antena ikaanza, kushoto, kulia, nyuma. Nilicheka peke yangu. Nikarudi nyuma, nikaja na mstari wa kwanza: unapita kwenye nguzo ya chuma ya alama ya njia. Mstari wa pili nikauchukua kutokea upande wa mto, ukapita katikati ya kichaka cha miba. Ilikatana kwenye kichaka. Nimepekua kichaka dakika ishirini, mikono imechanika.

Nikakaa chini. Nikaiangalia ile nguzo. Ina bolti tatu. Mbili zina kutu.

Ya tatu ilikuwa na sumaku, ikabanduka, ndogo kuliko ncha ya kidole changu! Kutoka pale kifaa kilipoonyesha sifuri ni hatua tisa, nimezihesabu. Simu nikaitoa kulinganisha, yenyewe ilisema nimebakiwa na mita 6, yaani zote mbili zilikosea, kila moja kivyake.

Kununua mpya nimeahirisha. Nikifika makasha 20 ndio nitawauliza tena, na nadhani nitaulizia ile yenye dira.

Ila kuna tatizo. Kikaratasi nimekitoa (kwa sindano ya nywele, Kibano usinicheke), nimekikunjua, majina ya watu wote waliotangulia yamejaa. Kalamu sikubeba. Nimepiga picha ya kikaratasi nikikishika. Inahesabika?

Mzee_Kodineti

Haihesabiki.

Mama_Ramani

Mwandikie mwenye kasha, muulize kwa adabu, atakachosema ndicho. Wengine picha huikubali.

Mzee_Kodineti

Wengine. Jina liwe kwenye kikaratasi, ndiyo sheria. Jumamosi rudi na kalamu, safari hii njia unaijua.

Kibano

Na wino usiwe wa majimaji, utachafua kikaratasi chote. Penseli fupi ndiyo mpango mzima.