Wewe uliyetia siga za vanila kwenye sanduku langu, huu uzi ni wako

Jamani naandika nikiwa na hasira, mkiona herufi zimerukana mnisamehe. Mimi ni fundi wa friji hapa Malindi na nina sanduku la siga, zile nene za majani matupu bila karatasi, sanduku la mbao nzuri nilipewa na mzee mmoja wa Kitaliano nilipomtengenezea AC akawa hana pesa taslimu. Ndani mlikuwa na siga kumi na moja. Kumi na moja tu, miaka miwili nazikusanya, nyingi za Nikaragua na mbili za Kuba ambazo nimeziweka kwa siku mke wangu atakapojifungua.

Nikaenda Mombasa kazini siku nne. Ufunguo nikamwachia huyu jamaa, simtaji jina mwenyewe anajijua, amlishe paka. Kumbe ana siga zake tatu za vanila zilikuwa zinazurura kwenye tuktuk yake, akaliona sanduku akasema wacha azihifadhi na wenzake. Na wenzake! Narudi nafungua, wallahi ni kama nimefungua oveni ya keki ya harusi.

Kwa msiovuta, jani la tumbaku ni kama mchele, uweke karibu na mtungi wa mafuta taa halafu upike uone utakula nini. Na hizi siga za ladha nyingi zinatengenezwa kwa njia hio hio, majani yanafungiwa na mafuta ya viungo na maua mpaka yanywe harufu, nyengine zinapakwa utamu pale kichwani unapoweka mdomo. Sasa ukizifungia na za kawaida sanduku moja kazi inaendelea tu, hazijui kama zimeshatoka kiwandani.

Na mjue nimelihangaikia hilo sanduku. Kule kwa wazungu watu wanalalamika siga zinakauka, wanatia maji, mimi hapa natoa maji. Wanasema unyevu usipite asilimia 70 hivi, masika kipimo changu kinasoma 80 chumbani, ukilala wiki mbili unakuta ukungu mweupe au mdudu ametoboa tundu kama la sindano huku akatokea kule. Ndo maana sanduku linakaa ndani ya friji ya soda iliyokufa, haipozi kitu lakini joto halipandi na kushuka ovyo. Nimeshinda mvua, nimeshinda mdudu, nikashindwa na mlisha paka.

Kilichoniudhi zaidi lakini ni barazani. Nimepeleka kilio changu nikitarajia pole, mzee wetu mmoja akanicheka, "Si nilikwambia? Hizo si siga, hizo peremende." Ati ladha inatiwa kuficha majani mabovu. Ziko za hivyo, sikatai, zile rahisi za mashine zilizojazwa vipande vipande. Lakini Acid, siga za ladha za kampuni ya Drew Estate, zinasokotwa kwa mkono Estelí, Nikaragua, mji ule ule zinakotoka hizo anazozisifia yeye kila siku. Na hawa Wataliano wetu waliolelewa na Toscano, siga yao kali ya kukohoza punda, si kuna Toscanello, mdogo wake, ya kahawa na ya grapa, ile pombe kali ya zabibu, na wanavuta hadharani bila kuona haya? Tena huyo mzee nimemuona kwa macho yangu mawili akichovya kichwa cha siga kwenye kikombe cha kahawa tungu, kahawa yenyewe imejaa tangawizi. Nikamuuliza na hio je? Ati hio ni desturi. Yakhe! Watu tunaofukiza udi mpaka mashuka leo tunakuwa maadui wa harufu?

Halafu wakaja vijana, wao upande wa pili, eti nyinyi mna maringo kila mtu avute anachopenda. Sawa, huo ndo ulikuwa upande wangu mimi! Huyu jamaa alikuwa mtu wa shisha ya tofaa mpaka serikali ikaipiga marufuku 2017, alipohamia vanila watu wakamcheka mimi ndo nilimtetea, nikawaambia mwacheni ulimi wake ni wake. Ulimi wake ndio, sanduku langu je? Pipi yako iweke kwenye kopo lako ufunge kifuniko, kuna ugumu gani hapo? Hata dukani ukiona za ladha na za kawaida zimelala trei moja zimevuliwa plastiki, toka usinunue chochote.

(Wa mapafu msianze, najua, nasoma maonyo kama nyinyi.)

Sasa hivi nimezilaza zote kumi zilizobaki juu ya ubao mtupu ndani ya ile friji, sanduku liko wazi lina makaa ndani. Juzi usiku nikajitoa nikawasha moja ya Nikaragua, theluthi ya kwanza keki, ya pili keki, mwisho kabisa ndo ikaja pilipili yake kidogo kwa mbali kama mgeni anayeogopa kubisha hodi. Zile za Kuba sijazigusa, kila asubuhi nazinusa tu narudisha. Mke wangu amebakisha wiki tatu. Mwenye kujua kama hii harufu huwa inatoka na inachukua muda gani aniambie tafadhali.

Na huyu bwana leo kanitumia ujumbe, sio wa kuomba radhi, anauliza kama sizitaki zile tatu zake nimrudishie.