Naomba ushauri: treni ya Kigoma hadi kwenye mvinyo wa Dodoma

Habari zenu, ndugu zangu. Agosti ijayo mimi na mke wangu tutatimiza miaka 20 ya ndoa, na ningependa tupande treni hapa Kigoma, tule chakula cha jioni katika behewa la mgahawa huku jua likizama nyuma yetu, kisha tushuke Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, tutembelee kiwanda cha mvinyo. Safari iliyopita tulikuta wali umekwisha, tukalalia karanga tulizonunua dirishani Uvinza, na mwenzangu alisikitika sana. Je, chakula huagizwa mapema? Na kiwandani, mgeni asiye na miadi hupokelewa, au niandike barua kwanza? Mke wangu hatumii kilevi kabisa, hivyo naomba pia kujua kama atapata japo juisi ya zabibu ya kuonja.